Wakuu, picha za ngumi zilitukamata kwa nini? Swali kutoka mwisho wa reli

Kopi za Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali langu linaweza kuonekana la kitoto, ila limenikaa kichwani siku ya tatu leo, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nina kibanda hapa Mwanga, Kigoma mjini. Narusha muvi na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. (Habari za hakimiliki tuziache, zina uzi wake.) Wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa dagaa kutoka Kibirizi. Mwezi ukishakuwa mpevu hawaendi ziwani, maana dagaa huvutwa kwa taa gizani, na kwenye mbalamwezi taa haina kazi. Basi siku hizo wanapanda huku, flashi wamezifunga kwenye vipande vya nailoni zisilowe, na maombi yao nimeshayakariri: "Boyka ipo?" "Nipe Jet Li, zile za zamani." "Ile ya Van Damme ya mashindano." Vijana wa miaka 20 hao. Nyingine wanazoulizia zilitoka wao hawajazaliwa.

Juzi Jumamosi nilikuwa najaribu faili la Bruce Lee, ile picha ya 1972 ambayo anakwenda peke yake kwenye chuo cha Wajapani kuwarudishia bango lao la matusi. Mwanangu wa kidato cha tatu amesimama nyuma yangu anatafuna muhogo. Akaangalia dakika mbili hivi, akasema: "Baba, mbona wanampiga kwa zamu? Wamemzunguka kundi zima, halafu wanamwendea kama wako foleni ya maji. Na wale wa nyuma wanarukaruka tu." Nikamwambia nenda kaangalie kama mama yako amerudi sokoni. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Sasa nirudi nyuma. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la nne. Kulikuwa na kibanda umiza nyuma ya soko, kuta za mabati yaliyochakaa, benchi zimepigiliwa kwa mbao za mitumbwi iliyokufa, mlangoni pazia la gunia. TV ya inchi 21 ilikaa juu ya kreti mbili za soda, na deki imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni mgeni wa heshima. Kiingilio shilingi 20. Usipokuwa nayo unaleta madumu mawili ya maji, kwa sababu mke wa mwenye banda alikuwa anafua nguo za watu. Mimi nililipa kwa maji. Nimembebea maji Bolo Yeung kuliko nilivyombebea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe.

Siku hiyo ilikuwa ile ya Van Damme ya 1988, ya mashindano ya siri Hong Kong. Tumefika mwisho kabisa. Bolo, yule Chong Li mwenye kifua kama mlango wa ghala, ameona anaelekea kushindwa. Anatoa kidonge kwenye nguo, anakisaga kiganjani, anamrushia mwenzake unga machoni. Van Damme haoni! Mdomo wazi, uso umepinda, anapiga ukelele mrefu ule unaoujua, mikono inapapasa hewa. Banda zima limesimama juu ya benchi. Mzee mmoja mbele yangu amevua kofia.

Umeme ukakatika.

Kwa mliozaliwa juzi: TV za zamani zikizimika, picha ilikuwa inajikunja mpaka inabaki nukta nyeupe katikati ya kioo. Tuliitazama ile nukta watu zaidi ya arobaini. Nukta nayo ikafa. Kigoma wakati ule ilikuwa haijaungwa kwenye gridi ya taifa, tunategemea jenereta za dizeli, kwa hiyo kila mtu alijua leo ndiyo basi. Mwenye banda akatangaza kwamba kiingilio hakirudi, picha imeshaisha "karibu yote".

Hakuna aliyetoka. Akasimama kijana mmoja kuli wa stesheni, alishaiona ile picha alipokuwa Tabora, akaanza kutumalizia kwa mdomo gizani. Wakuu! Kwa simulizi yake Van Damme alimkumbuka mwalimu wake, akatulia, akasikiliza pumzi ya Bolo kama unavyosikiliza mbu ndani ya chandarua. Halafu ngwala. Halafu teke la kuzunguka, mara tatu bila mguu kugusa chini. Kila teke watu wanapiga benchi, pu! pu! pu! Bolo akarushwa juu akashika taa ya darini, akaangushwa, akaomba msamaha kwa Kiha, akakataliwa, akang'olewa moyo ukiwa bado unadunda. Nilirudi nyumbani bila kugusa ardhi. Wiki nzima nilijifunga kanga ya mama usoni najifunza kupigana bila kuona, mpaka nilipotumbukia kwenye mtaro wa jirani, na alama ya mtaro huo ninayo kidevuni.

Mwisho wenyewe nilikuja kuuona mwaka 2009, Dar es Salaam, kwenye geto la rafiki yangu Manzese. Van Damme anashinda, sawa. Lakini Bolo hafi! Anabanwa tu mpaka anatamka kwamba ameshindwa, basi, watu wanashangilia. Nilinyong'onyea kama mtu aliyealikwa pilau akapewa uji.

Kwa hiyo swali langu, wakuu: kilichotukamata ni nini hasa? Ni mateke? Ni utoto? Ni giza? Najua fika ni uongo mtupu, mtu mmoja hapigi kundi la watu, na mfupa ukigongwa vile hautoki kwenda kunywa chai. Na bado Van Damme akipiga msamba mkono wangu unaganda kwenye mausi. Nataka jibu la kumpa mtoto, na lisiwe lile la "enzi zetu bwana".

Chuma cha Treni

Steringi hafi. Funga uzi.

Profesa Ugali

Watu wazima na ndevu zenu mnajadili haya. Zile picha ziliharibu watoto wa watu. Kaka yangu alitoroka shule mwezi mzima anajifunza kukimbia juu ya ukuta kama ninja. Alichovuna ni mkono uliounga vibaya, mpaka leo haunyooki.

Kopi za Mwanga

Pole yake mkuu. Yuko wapi siku hizi?

Profesa Ugali

Ni mwalimu wa michezo. Usicheke.

Sempai wa Unyanyembe

Mdogo wangu wa Mwanga, umenikumbusha mbali. Niko Tabora, nimefundisha vijana karate kwa miaka mingi kwenye ukumbi wa kuazima, tunafagia wenyewe kabla ya mazoezi. Huyo mwanao ameuliza swali zuri kuliko baba yake. Nitamjibu yeye.

Mwambie hivi: ile siyo vita, ni ngoma. Umewahi kumuona mtu kwenye ngoma akauliza mbona wale wengine wanasubiri pembeni, mbona hawaingii uwanjani wote? Bayeye wanapocheza na nyoka kuna anayeuliza kwa nini nyoka yuko mmoja? Mchezaji anaingia, anaonyesha alichonacho, anatoka, anaingia mwingine. Wale wanaorukaruka nyuma ndio waitikiaji.

Na sisemi kwa mfano tu, ndivyo walivyolelewa. Jackie Chan hakutoka kwenye karate. Alipelekwa mtoto mdogo kwenye shule ya opera ya Kichina Hong Kong, akakaa humo miaka 10 hivi, yeye na Sammo Hung na Yuen Biao. Kuimba, kupinduka, kusimama kwa mikono, kuchezea upanga, na kiboko juu yake. Jet Li alianza wushu ana miaka 8, na wushu ile ya maonyesho inapewa alama na majaji kama sarakasi. Mwaka 1974 walimpeleka Marekani na timu yake, wakaonyesha mpaka Ikulu ya huko mbele ya Nixon. Van Damme wenu, Mbelgiji yule, alisoma karate na akacheza baleti miaka mitano. Msamba ule unaokugandisha mkono umetoka kwenye baleti, usimwambie mtu.

Sasa sikiliza jambo la kiufundi. Picha za Hong Kong kamera inakaa mbali, unaona mtu kuanzia nywele hadi viatu. Teke linaanza, linafika, jamaa anaanguka, vyote ndani ya kipande kimoja. Kwa hiyo hadithi ni ya uongo lakini mwanguko ni wa kweli. Aliyeanguka juu ya meza ameangukia meza. Nenda kaangalie picha za polisi za Jackie Chan, ile ya 1985: anaruka ndani ya jengo la maduka anashuka na nguzo iliyozungushiwa taa za umeme, taa zinapasuka njia nzima, na viganja viliungua kwelikweli. Mwaka uliofuata, Yugoslavia, akaruka kutoka ukutani kwenda kwenye mti, tawi likakatika, kichwa kikapiga jiwe. Fuvu lilipasuka wakamfanyia upasuaji. Mwishoni mwa picha zake anakuonyesha zile walizokosea, machela na damu, wakati majina yanapita. Wenye banda wengi walikuwa wanazima hapo ili wabadilishe watazamaji. Mimi nilikuwa nalipia tena ili nione tu hapo.

Nimejaribu kumfundisha kijana mmoja namna ya kuanguka chali bila kuumia. Unakunja kidevu, unatoa pumzi, unapiga mikono chini kabla mgongo haujafika. Ilimchukua miezi minne. Miezi minne kwa kuanguka sentimita 50, juu ya godoro. Halafu mtu anasema zile picha ni uongo.

Steven Seagal simweki kundi hilo, ingawa aikido yake ni ya kweli, aliifundisha mpaka Japani. Yeye haruki. Anasimama kama mzee wa baraza aliyekatizwa maneno, mtu akimsogelea anavunjwa kiwiko. Hana jasho. Picha isiyo na jasho mimi inanipa mashaka.

Mwami wa Gungu

Hapo kwenye Bruce Lee mbona hamsemi ukweli kwamba hajafa? Sisi tuliambiwa alijificha milimani na wazee wa Kichina, atarudi.

Kopi za Mwanga

Mwami, hata sisi tuliambiwa hivyo, na kuna waliosema alikufa kwenye pambano wakaficha. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ubongo ulivimba, akiwa na miaka 32. Picha yake kubwa ya Hollywood ikatoka mwezi uliofuata mwenyewe hayupo. Na humo humo ndani, ukiwa na macho makali, kuna kijana anamshika Bruce Lee kwa nyuma, anakamatwa nywele na kuvunjwa shingo. Ndiye Jackie Chan huyo, hajulikani bado, kaja kupigwa tu alipwe. Bolo naye yumo, na jina la Bolo lilianzia humo.

Sempai, shikamoo. Nimemsomea mwanangu majibu yako. Amesema "kumbe". Kwa mtoto wa kidato cha tatu hiyo ni hotuba.

Karanga za Ujiji

Kaka Kopi, naona wanaume mmejaa humu, ngoja niingize neno.

Mimi nilikuwa nauza karanga kwenye mlango wa banda moja Ujiji, miaka ya 1997 na 1998. Wasichana tulikuwa hatuingii. Haikuwa sheria, ila ukionekana unatoka mle jioni, kabla hujafika nyumbani mama ameshaambiwa na watu watatu. Lakini muuza karanga ana haki ya kukaa mlangoni, na gunia la mlangoni lilikuwa na tundu usawa wa jicho langu, nililitoboa mwenyewe kwa spoku ya baiskeli.

Tatizo ni pembe. Kutoka pale nilikuwa naona nusu ya kushoto ya TV, nyingine imezibwa na mgongo wa mwenye banda. Kwa hiyo picha zote za ngumi mimi nimeziona nusu. Mtu anapiga teke kuelekea kulia, mguu unapotelea kwenye shati la yule mzee, halafu nasubiri benchi. Benchi wakisema "yalaa!" najua kapigwa adui. Wakisema "aaah" najua kapigwa steringi. Nilijifunza kuangalia kwa masikio.

Siku moja akatokea mwanamke. Mzungu, mfupi, nywele za njano, hana lolote la kutisha. Jamaa kamjia, na mguu wake ukapanda kwa nyuma kama mkia wa nge, ukapita juu ya kichwa chake mwenyewe, ukamfikia jamaa usoni. Bahati nzuri ilikuwa upande wangu, wa kushoto. Niliangusha sinia lote. Karanga za shilingi 600 zilitawanyika mchangani, watoto wakaziokota wakila, na mimi sikuwafukuza kwa sababu jicho lilikuwa tunduni. Kipigo cha nyumbani nilikipokea kama kiingilio.

Jina lake nimelijua ukubwani: Cynthia Rothrock, Mmarekani. Mwaka 1985 alipewa usteringi wa picha Hong Kong pamoja na Michelle Yeoh, polisi wawili wa kike. Michelle yeye katokea Malaysia, alisomea baleti (Sempai umesikia?), mateke kajifunzia kazini. Mwaka 2023 akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike, nikawaamsha watoto saa kumi na mbili asubuhi waone. Hawakuelewa mama yao ana nini.

Kwa hiyo kaka, mimi jibu langu: nilitaka kumuona mtu anayefanana na mimi kwa udogo akimwangusha mtu anayefanana na yule mzee aliyeniziba. Sina falsafa nyingine.

Kopi za Mwanga

Dada yangu, shilingi 600 za mwaka 1997 ni kipigo halali kabisa.

Lakini hiyo nusu ya kushoto imenigusa. Ukiangalia, wote tulipewa nusu. Mimi nilikatiwa umeme. Wewe ulizibwa na mgongo. Kiingereza banda zima hatukijui, na Kikantoni ndiyo usiseme, maandishi ya chini yanapita mbio na mkanda umekwaruzwa mpaka Jet Li ana mvua usoni wakati wote. Waha, Wamanyema, Warundi, kila mtu anajaza zile tundu kivyake, kwa sauti. Labda ndiyo maana zilikuwa picha za kutia chumvi. Picha ya taratibu, watu wanaongea sebuleni, ungeijazaje? Lakini mtu akiruka juu ya paa umeshaelewa, na kilichobaki unakimalizia mwenyewe.

Mtoto wa Urambo

Huyo kuli wako wa stesheni alikuwa Lufufu kabla ya Lufufu. Mnawakumbuka watafsiri? Lufufu alikuwa anaongea juu ya sauti ya picha yenyewe, anafafanua, anaongeza yake, anakuonya mapema kwamba huyu unayemuona anacheka ni nyoka. Kule Kenya wana DJ Afro. Kuna picha nimeshindwa kuziangalia kwa sauti yake halisi, naona kama wamemtoa mtu muhimu.

Ila hoja ya nusu sikubaliani nayo, mkuu. Wavuvi wako wanapata faili zima, safi, hakuna mkwaruzo, umeme sasa upo. Na bado wanakuulizia Boyka. Hapo wanajaza nini?

Mshona Viatu Kasulu

Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa ng'ambo, Baraka, upande wa Fizi. Tulivuka ziwa mwaka 1996, nikakulia kambi ya Nyarugusu, sasa nashona viatu hapa Kasulu mjini. Nasoma humu kila siku ila siandikagi.

Mmesema za ngumi tu, hamjagusa za bunduki, na mimi nataka kuzigusa kidogo. Kwetu, kabla hatujavuka, alikuwepo kijana mwenye silaha anajiita Rambo. Alijifunga kitambaa chekundu kichwani. Si yeye peke yake, walikuwepo wengi wenye majina ya picha. Alichofanya kwa jirani zetu sitakiandika.

Kambini kulikuwa na video, watu wanachanga mafuta ya jenereta. Ikianza ya bunduki, baba yangu alikuwa anainuka anatoka nje, anakaa juu ya jiwe mpaka iishe. Ikianza ya Wachina anarudi, na anakaa mpaka mwisho, na yeye hakuwa mtu wa kupenda michezo, alikuwa katekista. Siku moja nikamuuliza, baba, na hizi nazo si ni vita? Akanionyesha kwenye TV, akaniambia: "Huyu anapiga kwa mkono wake. Muone anavyohema. Yule wa bunduki hahemi."

Ndiyo hivyo tu. Mimi sijui kama ni jibu.

Sempai wa Unyanyembe

Ndugu wa Kasulu, ni jibu. Baba yako yupo?

Mshona Viatu Kasulu

Alifariki 2011, tulimzika kambini. Asante mzee.

Kopi za Mwanga

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika.

Nimekaa kimya kidogo hapa. Huku jina hilo tulilibandika kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko wa Rambo, mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019. Unatumwa dukani: nunua sukari, wakutilie kwenye Rambo. Miaka yote hiyo haikunijia kwamba kuna mtu ng'ambo tu hapo, kwenye milima tunayoiona kukiwa hakuna ukungu, anatoka nje akilisikia.

Mtoto wa Urambo, swali lako la Boyka nilitaka kulikwepa, ila hili la kuhema limenikumbusha kitu. Kwa wasiomjua, Boyka ni mfungwa wa Kirusi, na anayemwigiza ni Mwingereza, Scott Adkins. Katika picha ya 2006 ni adui, ana majivuno, anajiita mpiganaji kamili, na mwishoni anavunjwa goti. Ukimvunja adui goti picha imekwisha. Lakini watu walimpenda, akarudishwa mwaka 2010 akiwa ndiye steringi, na anarudi na goti lile lile bovu. Anafanya usafi gerezani, anachechemea. Usiku, wengine wamelala, anajifua.

Sasa nina mteja mmoja mvuvi, mtu wa miaka kama 35, kila mwezi ukiwa mkubwa anakuja kuirushia hiyo hiyo. Anaifuta kupata nafasi ya nyimbo, halafu anairudia. Nikamwambia kaka, inunulie memori yake ikae. Akavuta suruali kwenye paja akanionyesha goti. Limeumuka upande, ngozi inang'aa. Aliteleza kwenye mtumbwi akaangukia injini. Akanionyesha kwenye skrini yangu, mahali pale Boyka anapopanda ulingoni na watu wote wanajua mguu gani watampiga. Akasema, "Hapa. Nirudishie hapa." Nikarudisha. Akaangalia amesimama, uzito wote ameuweka kwenye mguu mzima, halafu akalipa akateremka Kibirizi.

Kwa hiyo sijui, mkuu. Inawezekana kile cha nusu ni changu mimi na dada wa Ujiji tu.

Profesa Ugali

Hiyo ya goti ni ya ngapi? Kaka yangu ameniuliza.

Kopi za Mwanga

Ya tatu. Mwambie alete flashi.

Karanga za Ujiji

Na mimi nikija sokoni Jumatano nakuletea ya GB 32. Niwekee zote za Cynthia Rothrock ulizonazo, na ile ya polisi wawili. Pande zote mbili, kaka, kushoto na kulia.

Chuma cha Treni

Bolo alikufa lakini. Mimi nilikuwepo kwenye hilo banda.